Kisomaji cha CRP cha mkononi: mkuu, usilipe bado

Mkuu, hiyo hela irudishe mfukoni kwanza. Umeuliza kisomaji gani cha CRP, ile protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na maambukizi, kinafaa maabara yako ya Sengerema, kinakula umeme kiasi gani na vibali unaombaje. Mimi nakuuliza moja tu: huyo anayekuuzia amekuonyesha chipu na kontroli, yaani sampuli ambayo jibu lake linajulikana tayari?

Mimi sikuuliza. Nina maabara ndogo Igoma, nikanunua kisomaji cha namna hiyohiyo. Damu inatambaa kwenye kaseti, kile kipande cha plastiki cha kipimo, hadi kwenye mstari wenye kingamwili zinazonasa hiyo CRP, kisomaji kinaumulika, kinapima mwanga unaorudi, kinatoa namba. Sasa sikia: hesabu ya kugeuza mwanga kuwa namba inatofautiana kwa kila toleo la kaseti, na imo kwenye chipu, kidude cha plastiki kama ukucha wa kidole gumba. Boksi la toleo jipya, chipu mpya. Muuzaji akaniambia, "Chipu ni ileile, chomeka usahau." Nikachomeka. Nikapima hivyo miezi miwili!

Akaja mama wa Igombe, mgongoni mtoto anachemka homa. Mashine ikasoma 9, namba ya chini. Mstari wa kontroli umetokea safi, nikamwambia si mbaya, nenda. Kumbe ule mstari unathibitisha tu kwamba damu imepita, namba ni habari nyingine. Mama hakuridhika, jioni ileile akampeleka hospitali: 64. Wakamlaza. Alipona, namshukuru Mungu, lakini sura ya yule mama aliporudi kuniuliza bado ninayo.

Nikageuza boksi. LOT, yaani namba ya toleo, ya kwenye boksi na ya kwenye chipu hazifanani hata kidogo. Nikamfuata muuzaji, akafungua droo, akanitolea chipu sahihi. Kwenye droo! Ilikuwa imekaa pale muda wote. Nikarudia kupima seramu (maji ya damu) ya mtoto niliyokuwa nayo kwenye friji: 61. Nikaanza kupigia simu wagonjwa wa miezi miwili, mmoja mmoja. Wapo ambao sikuwapata mpaka leo. Anayetaka kucheka acheke.

Kwa hiyo kila boksi jipya, linganisha LOT ya boksi, ya kaseti na ya chipu, kisha pima kontroli ya chini na ya juu kabla damu ya mgonjwa yeyote haijagusa kaseti. Muuzaji akisema kontroli itakuja baadaye, mwachie mashine yake. Mwambie leo apige picha ya boksi na chipu pamoja, LOT zionekane, uziweke hapa tuzione.