Jibu: Simamisha hiyo oda ya laminesheni

Mkuu, usilipe. Umesema mfadhili katoa hela, na shule yenu ya Muheza inataka vitabu vya watoto wa darasa la tano wenye uoni hafifu vikuzwe kwenye A3, maandishi pointi 36, kila ukurasa ufunikwe plastiki ya laminesheni, kila dawati taa kali. Halafu ukauliza programu ya kusomea na vishikwambi vinunuliwe wapi. Hiyo ya kwanza tu imenitoa jasho, ndiyo iliyotumaliza sisi hapa Tanga.

Tulikuwa na mtaalamu. Kaja na tai na slaidi, katuambia uoni hafifu ni chini ya 6/18 (yaani cha mita 18 kwa jicho zima, yeye mpaka asogee mita 6) kwenye jicho lenye nafuu hata mtu akivaa miwani, basi kuza tu, kadiri mnavyokuza ndivyo watakavyosoma. Maelezo ya WHO, Shirika la Afya Duniani, aliyoyanukuu yana nusu ya pili, uwanja wa kuona ulio chini ya nyuzi 10 kutoka pale jicho linapolenga, yaani anayeona katikati tu, pembeni giza. Akairuka! Sisi Tanga tunaambiwa waja leo waondoka leo. Huyo jioni alishapanda basi, posho mfukoni.

Tukachapa. Bajeti ikaishia steshenari moja ya Ngamiani, na mwenye duka mpaka leo akiniona ananiita bosi.

Siku ya kugawa, binti mmoja mwenye ualbino kapokea ukurasa wake, plastiki ikammulika usoni. Kavuta pama, kauinamisha huku, kaugeuza kule, kakinga macho kwa kiganja. Mwisho kauweka chini, kachukua daftari chakavu la jirani yake, kalisogeza mpaka puani, akasoma. Taa kaomba izimwe.

Mwenzake, mvulana, ana presha ya macho (glakoma). Imemla pembeni, kabaki na katikati, kama anachungulia tundu la ufunguo. Kitabu cha kawaida alikuwa akipata neno zima kwa mara moja. Tulipomkuzia akawa anaokota vipande: "mwa", "naf", akifika mwisho wa neno mwanzo umeshampotea. Na mstari wa A3 ulivyo mrefu, akirudi kushoto anaangukia mstari mwingine. Yaani tulitoa hela nyingi ili mtoto asome taratibu zaidi. Cheka tu, mimi nimeshazoea.

Sasa nisikilize. Macho yapimwe kwanza, hata hospitali ya Bombo hapa Tanga, maana wengine shida yao inapungua kwa miwani tu. Kisha mkalishe kila mtoto peke yake, kwenye dawati lake, saa ya kipindi, asome kwa sauti. Anza na herufi kubwa, shuka. Ile ndogo kabisa ambayo kasi yake bado haijapungua ndiyo saizi yake, yake yeye, si ya darasa. Asiyependa mwanga akae dirisha likiwa mgongoni kwake. Karatasi isiyong'aa. Anayepotea mistari mkatie kadi nyeusi yenye mwanya wa mstari mmoja. Ya kijana wetu ilitoka kwenye boksi la viatu, tukaipaka rangi ya ubao, na ndiyo anayosomea mpaka leo. Zile laminesheni mpishi kazitandika kwenye meza ya jikoni, na kusema kweli zinafutika vizuri.

Mwalimu mkuu atakwambia mfadhili anataka picha. Apigwe picha na kadi.

Unasema watoto ni wanane. Wangapi wana ualbino, wangapi presha ya macho, na nani hajawahi kupimwa kabisa? Andika hapa leo, kabla hujampa mchapaji advansi.