Supu ya mifupa inayoganda

Supu nzuri ya mifupa huwezi kuijua ikiwa bado ya moto. Ngoja ipoe usiku kucha kwenye friji, kisha tikisa bakuli. Ikitikisika kama jeli, umepika supu. Ikibaki maji, umepata maji yenye harufu ya nyama, hata kama makaa yaliwaka kutwa nzima.

Kinachoigandisha ni jelatini, nayo hutokana na kolajeni iliyo kwenye ngozi, kano na gegedu. Watu wengi hukosea tangu buchani. Wanachagua mifupa minene ya paja kwa sababu ya uboho, lakini uboho kwa sehemu kubwa ni mafuta: unaleta utamu, haugandishi kitu. Omba magoti na viungo vingine, halafu ongeza mulokoni, yaani mguu wa chini wa ng'ombe wenye kwato. Kwa sufuria ya nyumbani, mulokoni mmoja uliokatwa vipande vinne, kilo 1 ya magoti na nusu kilo ya mifupa ya uboho vinatosha. Mwambie muuzaji akate kwa msumeno. Shoka huacha vijiti vya mfupa ambavyo baadaye vitamkwama mtu kooni. Mulokoni uliochomwa manyoya kwa mpira wa gari uache hapohapo. Ule moshi unaingia kwenye ngozi na hautoki kwa kuosha.

Upande wa kuku, miguu ndiyo yenye kolajeni nyingi kuliko sehemu zote, na bei yake ni ndogo. Kilo 1 ya miguu, shingo na migongo huchukua lita 2 za maji. Kuku wa mayai aliyekoma kutaga, yule ambaye watu humkwepa kwa ugumu wa nyama yake, hutoa supu nzito kuliko kuku wa nyama aliyechinjwa akiwa na wiki sita.

Kwa mifupa ya ng'ombe anza hivi: ioshe, ifunike kwa maji baridi, ichemshe dakika 10 kisha mwaga maji yote. Suuza kila mfupa na sugua sufuria. Ile povu ya kijivu ni damu na protini zilizoganda, na ndiyo chanzo cha harufu nzito inayowakimbiza watoto. Rudisha mifupa, tia maji mapya baridi, kama lita 4, yapande vidole viwili tu juu ya mifupa. Maji yakizidi hapo, jelatini inatawanyika na supu haitaganda hata ikipikwa siku mbili.

Ikianza kuchemka, punguza moto mara moja. Kwenye sigiri, funga mlango wa hewa na funika makaa kwa majivu mpaka uone kipovu kimojakimoja kikipanda. Moto mkali huvunja mafuta kuwa matone madogo yanayochanganyika na maji, supu ikawa nyeupe na ya kukera kinywani. Ng'ombe anataka saa 6 hadi 8, kuku saa 3 hadi 4. Vipimo vya saa vilivyoandikwa kwa watu wa pwani havitoshi huku kwetu Uganda: Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, Kabale, kwenye zaidi ya mita 1,800, ni karibu nyuzi 94. Maji yanayochemka kwa joto la chini hivyo yanalainisha kano polepole, basi ongeza saa moja au mbili. Mwenye sufuria ya presha atamaliza kwa saa 2 na nusu, na makaa mengi yatabaki kwenye gunia.

Tafadhali usiiache sigiri ndani ya nyumba usiku ili supu ijipikie mkilala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Pika mchana, nje au barazani.

Kitunguu, karoti, tangawizi na majani ya seleri viingie saa ya mwisho. Vikikaa kutwa nzima huleta uchungu. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu maji yanapungua ila chumvi haipungui.

Ikiiva, chuja kwa kitambaa safi. Ipoze haraka: tumbukiza sufuria kwenye karai la maji baridi, koroga, badilisha maji mara mbili tatu, na ndani ya saa 2 iwe kwenye friji katika vyombo vidogo. Supu vuguvugu iliyoachwa mezani hadi asubuhi ni shamba la bakteria, na kuichemsha tena hakuondoi kila sumu waliyoacha. Kwenye friji inakaa siku 3 hadi 4, kwenye friza miezi 2 au 3. Asiye na friji apike ya kumalizwa siku hiyohiyo.

Sasa faida zake, kwa haki. Supu hii hushuka vizuri kwa mgonjwa asiye na hamu ya kula na humrudishia maji na chumvi. Lakini watu huitegemea kwa kalisi, na hiyo ni kidogo sana, hata ukitia ndimu au siki. Mukene, yaani dagaa, wanaoliwa wazima na mifupa yao, au glasi ya maziwa, wanaipita mbali. Jelatini nayo ni protini pungufu. Jambo hili lina uzito kwa watoto: mtoto anayepondewa matoke kwa supu huku nyama ikienda kwa wakubwa anakosa madini ya chuma na protini kamili. Mponde na nyama yenyewe, iliyolainika, ndani ya matoke hayo. Mwenye jongo apunguze supu hii, na mwenye presha apewe yake kabla ya chumvi kuingia.

Mafuta yaliyoganda juu yaondoe kwa kijiko na uyatunze ya kukaangia vitunguu. Supu yenyewe itumie mahali pa maji: kwenye katogo la asubuhi (matoke yaliyopikwa pamoja na kitoweo chake), kwenye mchuzi wa karanga, au vijiko vichache ndani ya jani la ndizi kabla ya kufunga luwombo ya kuku, yaani kuku anayepikwa kwa mvuke ndani ya jani hilo. Ukitaka kuinywa tu, pasha kikombe kimoja mpaka kichemke, kamulia ndimu na tia kipande cha pilipili mbuzi.