Kura yangu naipa besi inayochelewa

Wahariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: nani mpiga gitaa la besi bora kabisa wa miaka ya karibuni? Jibu langu ni Pino Palladino, mzaliwa wa Cardiff, Wales, mwaka 1957. Najua vijana wengi watauliza huyo ni nani, na ndiyo maana nimeamua kuandika kirefu.

Nimepiga besi miaka 21. Nilianza kwenye kwaya ya kanisa huku Freretown, Mombasa, nikiwa na miaka 16, kwa kuwa kaka aliyekuwa akipiga alihamia Voi na gitaa likabaki limetundikwa ukutani. Baadaye nikaingia bendi za hotelini, Bamburi mpaka Shanzu, usiku tano kwa wiki msimu wa wageni ukichanganya. Kazi hiyo haina sifa. Unapiga “Jambo Bwana” ya Them Mushrooms, unapiga “Malaika”, rege mbili tatu, halafu chakacha ili wageni watikise viuno. Wakimaliza, wanakwenda kumpa mkono mwimbaji. Meneja mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini mwanamke nisiimbe tu, besi nimwachie mwanamume. Nikamwambia besi ndiyo sauti yangu, nikaendelea kufunga nyuzi.

Usiku mmoja wa Desemba, katikati ya chakacha, waya wa spika yangu uliungua. Gitaa la solo likaendelea, kinanda kikaendelea, ngoma zikaendelea, mwimbaji hakukosa hata neno. Lakini waliokuwa wakicheza walianza kupoa. Hawakujua kilichopotea. Mama mmoja Mjerumani alisimama akaitazama miguu yake kana kwamba ndiyo yenye hitilafu, mumewe akamshika mkono wakarudi mezani. Nilipopata waya mwingine, ilituchukua nyimbo tatu kuwainua tena. Tangu usiku huo sijawahi kumpima mpiga besi kwa wingi wa noti zake. Nampima kwa kile kinachoanguka akiondoka.

Kipimo hicho mimi nilikipata kwetu kabla ya kukipeleka Ulaya na Marekani. Mwaka 1978 kundi la wanamuziki lilijitenga na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wale wa kutoka Tanga waliopiga kambi hapa Mombasa kabla ya kwenda Nairobi. Likaitwa Les Wanyika, na mwaka uliofuata likatoa “Sina Makosa”. Besi ilikuwa ya Tom Malanga, rithimu ya Omar Shabani, yule waliyemwita Profesa. Sikilizeni Malanga anavyosema maneno machache kisha ananyamaza, na Shabani anaingia palepale penye kimya. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Nimeshuhudia matatu nzima ya Kisauni ikiimba wimbo ule, na abiria wa kiti cha nyuma, mzee wa makamo, haimbi maneno hata kidogo: anaiimba besi kwa mdomo, dum-du-dum, kutoka Kongowea mpaka Bombolulu. Swali lenu ni la miaka ya karibuni, kwa hivyo Malanga simpigii kura. Nimemtaja ili mjue masikio yangu yamefunzwa na nani.

Sasa Pino. Alipata jina mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa gitaa la besi lisilo na vile vichuma vya shingoni, ambalo noti yake inateleza kama sauti ya mtu anayeimba. Mwaka 1983 alipiga kwenye wimbo “Wherever I Lay My Hat” wa mwimbaji Paul Young, ukafika namba moja Uingereza, na ghafla kila studio ikamtaka atelezeshe vilevile. Angeweza kula na sauti hiyo moja mpaka uzeeni, lakini aliiacha. Akachukua besi ya zamani ya Fender yenye nyuzi bapa, zisizo na ule mng'ao wa chuma, akaenda New York kurekodi na D'Angelo, mwimbaji wa soul wa Marekani, albamu iliyotoka Januari 2000 kwa jina Voodoo. Mpiga ngoma alikuwa Questlove.

Mara ya kwanza kuisikia albamu hiyo nilidhani CD yangu ina mikwaruzo. Ngoma iko pale, besi inakuja nyuma yake kidogo, kidogo tu, kama mtu aliyeitwa akaitika baada ya kumeza mate. Nilijaribu kuipiga nyumbani nikashindwa wiki nzima. Vidole vyangu vilikuwa vinajua kila noti, na noti si nyingi, si ngumu. Kilichonishinda ni kusubiri. Nikisubiri kidogo naharakisha. Nikisubiri zaidi wimbo unazama.

Aliyenifungulia ni nyakanga mmoja, mama anayewafunda wasichana, kwenye harusi ya Mji wa Kale, naye hajawahi kumsikia D'Angelo maishani mwake. Nilikuwa nimekaa na wanawake, wanacheza chakacha, vibwebwe vya kanga vimefungwa kiunoni. Nikaona kwamba kiuno cha mchezaji mzuri hakifiki pamoja na ngoma. Ngoma inalia, kiuno kinafuata, na ule mwanya kati ya viwili hivyo ndio unaowafanya wanawake wengine wapige vigelegele. Yule mama alimshika bega msichana mmoja aliyekuwa anakimbilia ngoma, akamwambia, “Mwanangu, iache ipite kwanza.” Nilirudi nyumbani usiku uleule nikachukua gitaa. Sikuipata yote, lakini nilijua ninatafuta nini.

Ndiyo sababu ya kwanza ya kura yangu. Kupitia Voodoo, na kisha Black Messiah ya mwaka 2014 ambayo pia ni ya D'Angelo, Pino amebadilisha namna dunia nzima inavyohesabu. Nendeni kanisa lolote hapa Mombasa lenye bendi nzuri, Mikindani, Tudor, Likoni, mkamsikilize kijana wa besi akipiga pambio la polepole. Atachelewesha. Ukimuuliza kajifunza wapi atakwambia kwenye YouTube, kwa fulani, naye fulani kajifunza kwa fulani, na mwisho wa kamba hiyo mara nyingi utamkuta Pino. D'Angelo alipofariki Oktoba 2025 nilizisikiliza albamu zile mbili kwa siku tatu mfululizo, na siku zote tatu nilisikia jambo jipya chini kule.

Sababu ya pili inawahusu wale wanaofanya kazi hii kwa mshahara. Juni 27, 2002, John Entwistle, mpiga besi wa The Who, bendi ya roki ya Uingereza, alifariki Las Vegas siku moja kabla ziara yao ya Marekani kuanza. Walimwita Pino. Julai 1 alikuwa jukwaani Hollywood Bowl na nyimbo zote kichwani, mbele ya watu waliokuja na majonzi na waliokuwa wamemzoea mtu mwingine kabisa kwa karibu miaka 40. Alibaki na bendi hiyo kwa zaidi ya miaka 10. Mimi niliwahi kupigiwa simu saa kumi jioni niende harusini Mtwapa kwa kuwa mpiga besi wao amekwama ng'ambo ya Likoni. Muziki wa bango mtupu usiku kucha, nyimbo za Mzee Ngala na za waliomfuata, nusu yake nilikuwa sijawahi kuzipiga. Saksafoni ikianza nalitazama bega la mpigaji ili nijue anapanda au anashuka. Nilifika asubuhi nimechoka mwili na roho, na hiyo ilikuwa harusi moja ya watu mia mbili. Nikimfikiria yule Mwelshi na siku zake nne, namvulia kofia.

Mtu huyuhuyu amepiga na mwimbaji John Mayer kwenye albamu Continuum (2006) na bendi ya Nine Inch Nails kwenye Hesitation Marks (2013). Muziki huo haufanani hata chembe. Kisha mwaka 2021, akiwa na miaka 63, ndipo akatoa albamu ya kwanza yenye jina lake kwenye jalada, Notes With Attachments, na hata hiyo akaigawana na mpiga gitaa Blake Mills. Ndani yake kuna midundo ya Afrika Magharibi iliyosukwa kwa adabu, na kuna mahali besi inajificha kabisa mpaka unaitafuta.

Mpwa wangu, ambaye ana miaka 22 na anapiga besi vizuri kuliko nilivyopiga mimi katika umri huo, ameisoma barua hii na hakubaliani. “Shangazi,” ameniambia, “na Thundercat je?” Ni swali la haki. Stephen Bruner, ndilo jina lake, alizaliwa mwaka 1984 katika nyumba ya wapiga ngoma: baba na kaka. Anapiga besi ya nyuzi sita na kuimba kwa sauti nyembamba ya juu, mambo mawili ambayo mikono na koo langu haviwezi kufanya kwa wakati mmoja. Alipitia Suicidal Tendencies, bendi ya kelele na jasho, kisha mwaka 2015 akawa mhimili wa To Pimp a Butterfly, albamu ya rapa Kendrick Lamar. Albamu yake It Is What It Is ilimpa tuzo ya Grammy mwaka 2021. Anayesema Thundercat ndiye bora hajakosea njia. Mimi namweka chini ya Pino kwa sababu moja: kwenye nyimbo zake mwenyewe noti huwa nyingi mpaka nasahau kucheza, nabaki namtazama. Mpwa wangu anasema huo ni uzee. Nina miaka 37.

Wengine aliowataja nawaheshimu bila kuwapa kura. Joe Dart wa Vulfpeck ana mkono uliokaza kama saa, na bendi yao ilijaza ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mwaka 2019. MonoNeon wa Memphis anatumia mkono wa kushoto na amegeuza gitaa la mkono wa kulia juu chini bila kubadilisha nyuzi. Hilo halinishangazi sana, maanake hapa Kisauni wenye mkono wa shoto wote hufanya hivyo, besi ya shoto utainunua wapi? Victor Wooten ni mwalimu wa walimu. Robbie Shakespeare na Aston Barrett, ambao bila wao hakuna rege ya kupigwa katika mji huu, tumewapoteza, mmoja Desemba 2021 na mwingine Februari 2024, na kazi yao kubwa ni ya zamani kuliko swali lenu.

Nimesikitika kwamba katika majibu mliyochapisha toleo lililopita hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Esperanza Spalding alichukua Grammy ya msanii mpya bora mwaka 2011, mwanajazi wa kwanza kuipata tangu ianzishwe, naye huimba huku akipiga ile besi kubwa ya kusimama inayomzidi kimo. Tal Wilkenfeld alipanda jukwaani na mpiga gitaa Jeff Beck mwaka 2007 akiwa na miaka 20, na uso wa yule mzee alipomgeukia ulikuwa wa mtu aliyepata zawadi. Meshell Ndegeocello alishinda Grammy mwaka 2024 kwa The Omnichord Real Book, kitengo cha jazi mbadala kilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kama mngeniuliza ni nani aliyenifanya nisiache, ningemtaja Meshell kabla ya wote. Wasichana wawili wa kwaya yetu wanajifunza kwangu sasa, na picha yake nimewabandikia ukutani.

Anayenitesa kweli ni Richard Bona. Alizaliwa mwaka 1967 kijiji cha Minta, Kamerun, akaanza na balafoni akiwa mtoto mdogo, magitaa akijitengenezea mwenyewe. Huko Douala, kwenye klabu ya Mfaransa mmoja, alikutana na santuri ya Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, akadhani mashine inazungusha haraka kupita kiasi. Yeye alidhani santuri inakimbia, mimi nilidhani CD inakwama. Wote wawili ilibidi tujifunze kuhesabu upya. Akaenda Ujerumani, Paris, New York, akapiga na wanajazi Joe Zawinul na Pat Metheny, na mwaka 2016 akatoa Heritage pamoja na kundi lake la Mandekan Cubano. Huimba Kidouala, lugha ya Kibantu kama hii yetu. Mtoto wao wanamwita muna, sisi mwana. Nikimsikiliza usiku madirisha yakiwa wazi na upepo wa kaskazi unaingia, nahisi naelewa zaidi ya ninavyoelewa.

Kwa mkono, Bona anampita Pino, na kwa sauti ya kuimba hawakaribiani hata kidogo. Nimeipima mizani hii wiki nzima, mara mbili nikafuta jina na kuliandika upya. Kilichoniamulia ni kile kisa cha waya ulioungua. Ukimwondoa Bona kwenye nyimbo za Bona, hapana wimbo, ni kweli, kwani nyumba ni yake. Lakini Pino alifanya hivyo kwenye nyumba za watu wengine, miaka 40, mlango baada ya mlango, na kila alikoingia watu wakaanza kucheza tofauti.

Kama sheria zenu zinaruhusu majina mawili, la pili andikeni Bona. Kama ni moja tu, ni Pino. Mpwa wangu atawaletea barua yake mwenyewe juma lijalo, na ameniomba nimwazime Voodoo kabla hajaiandika.