Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Babu Ukutani

SWALI: Asalaam aleikum, Bwana Mjibu Maswali. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la wakoloni Waingereza huku Afrika Mashariki, na alipigana vita vya Burma mwaka 1944. Tumebakiwa na nishani zake mbili na picha moja, ameshika bunduki ambayo wazee wa mtaani huiita "maki foo", yaani Mark 4. Ninataka kutundika mfano wa bunduki hiyo sebuleni, kando ya picha. Katika intaneti nimekuta mifano ya aina tatu, bei zake zinapishana mno, nami uwezo wangu ni mdogo. Ninunue upi?
Mjukuu, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kabla hujatoa hata shilingi, itazame upya ile picha, hasa ncha ya bunduki, kwa kuwa wazee wetu wamezoea kuita kila Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Waingereza, "maki foo" ilhali katika vita vile zilitumika aina mbili zinazofanana sana. Iko ya mwaka 1907, ambayo ni Maki 3, na iko Namba 4, iliyoanza kutolewa kwa wingi vita vikiwa vimeshapamba moto. Zote zina urefu wa sentimita 113 hivi, zote huchukua risasi kumi, na uzito wake hukaribia kilo nne. Ikiwa mbao imefika hadi mwisho na pua ya bunduki ni butu, kana kwamba imekatwa kwa msumeno, hiyo ni ya 1907. Ikiwa mtutu umechungulia kidogo nje ya mbao, hiyo ndiyo Namba 4. Singe, yaani kisu kinachochomekwa kwenye ncha ya bunduki, nayo husaidia: ile ya 1907 ni jisu refu hasa, na ile ya kawaida ya Namba 4 ni kijiti kifupi cha chuma mfano wa msumari mnene. Wauzaji wengi huziita zote kwa jina moja, kwa hiyo usipojua unachokitafuta utaletewa bunduki ambayo babu yako hakuishika.

Sasa nije kwenye aina tatu ulizoziona. Ile ya bei ya juu kabisa bila shaka ni bunduki ya kweli iliyolemazwa isifyatue. Hiyo iache, kwa kuwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, huhesabu kuwa silaha hata kiungo kimoja cha bunduki, na pia chombo kinachoweza kurekebishwa kikafyatua. Ile inayorusha vidonge kwa nguvu ya hewa iache vilevile, maana bunduki za hewa zimetajwa katika sheria hiyohiyo. Inabaki ile isiyofyatua kitu, ya mbao na aloi ya zinki, kama zile zinazotengenezwa na kampuni ya Denix ya Hispania. Kwa macho ni nzuri, komeo lake la ubavuni huvutika, na bei iliyoandikwa hukupa tamaa. Hata hivyo, bei hiyo ni mwanzo tu wa hesabu: ushuru hukadiriwa juu ya jumla ya bei, bima na usafirishaji, kisha huongezwa kodi ya VAT ya asilimia 16, na kabla ya yote hayo afisa wa forodha, akishaona umbo la bunduki ndani ya mzigo, atataka kuridhika kwamba si silaha. Usiagize kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa forodha na Bodi ya Leseni za Silaha.

Lipo jambo jingine ambalo muuzaji wa Ulaya hawezi kulijua. Kwake yeye Lee-Enfield ni kitu cha makumbusho, lakini kwetu Kenya askari wa akiba wameibeba hadi miaka ya karibuni. Polisi anayesimamia kizuizi kwenye barabara ya Witu akiiona haoni ukale wowote. Anaona silaha, na tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 sina la kumlaumu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiagize. Mji wenu una mafundi wanaochonga milango kwa tindo na nyundo. Bunduki ya ukutani haiwezi kuwashinda. Mpelekee fundi picha ya babu, pamoja na picha safi ya aina hiyo iliyopigwa kwa ubavu, na umpe kipimo cha sentimita 113, naye akate kitako na mtutu katika ubao mmoja wa mwembe. Mtutu ubaki mbao hiyohiyo, upakwe rangi nyeusi. Usikubali atie bomba la chuma wala atoboe tundu, kwa sababu hapo mfano unaanza kukaribia gobori ya kienyeji. Sehemu ya mbao ipakwe mafuta ya kitani mara tatu au nne, kila mpako ukiachwa ukauke, na ukanda uwe wa turubai. Ukiutundika, weka vijiti viwili nyuma yake usigusane na ukuta. Kuta za matumbawe hutoa unyevu na chumvi, na chokaa ikimwagika huacha doa. Siku ya kuuchukua kwa fundi ufunge ndani ya gunia, na umjulishe chifu.

SWALI: Kikundi chetu kinaigiza vita vya Witu vya mwaka 1890. Je, tunaweza kutumia mifano ya Lee-Enfield?
Mwigizaji, Malindi

JIBU: Hapana, ndugu yangu, Lee-Enfield ilizaliwa mwaka 1895. Chongesheni Martini-Henry, ya mwaka 1871, kwa wanaoigiza Waingereza, na gobori kwa baadhi ya watu wa Witu. Martini haina komeo ubavuni, ina wenzo chini ya kifyatulio, na huchukua risasi moja tu kwa mara moja. Mwigizaji auteremshe wenzo, atie risasi kwa kidole, aupandishe, kisha ndipo alenge. Mkiwaacha wafyatue mfululizo, mzee mmoja pale mbele atacheka.