Hiyo si namba tasa

Ndugu, umeijaribu 147573952589676412927 kwa 3, 7, 11 hadi 97, na bado unauliza kama ni tasa (yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe). Si tasa: ni 193707721 mara 761838257287. Kikokotoo cha simu huenda kisikusaidie hapo, vingine hukata tarakimu za mwisho.

Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1876 kwamba inagawanyika, bila kujua kigawo hata kimoja (hapo ndipo utamu ulipo). Mmarekani Frank Nelson Cole akavipata vigawo hivyo mwaka 1903.

Kwa kuwa 67 ni tasa, kila kigawo cha namba hiyo kubwa ni 134 (67 mara 2) mara namba nzima, ukiongeza 1. Chini ya 1000, namba tasa ya aina hiyo ni 269 pekee, nayo haiingii. Muda wa kukwama kwenye foleni ya Thika Road, Nairobi, unatosha kuihakiki hiyo 269.