FOB kwenye proforma ya gari

Mkuu, umeuliza FOB kwenye proforma (ankara ya awali anayokutumia muuzaji) ya gari la Japani ni nini. Ni bei ya gari likiwa limeshapakiwa melini kule. FOB Yokohama (bandari ya Japani) haina nauli ya meli wala bima; CIF Dar es Salaam, yaani bei ya gari hadi bandari ya Dar, inavyo vyote viwili. C&F (wengine huandika CNF au CFR) ina nauli tu, bima ukate mwenyewe.

Wengi hunasa hapa: CIF inaishia bandarini. Ushuru, tozo za bandari na malipo ya wakala wa forodha ni juu yako, na ushuru hukokotolewa juu ya CIF hata kama ulinunua kwa FOB. Gari likiharibika baharini, hata kwa CIF, wewe ndiye unayedai bima. Ukiona "FOB" tupu bila jina la bandari, usilipe kwanza. Mwambie muuzaji aandike.