Msomi si mwanazuoni: jibu kwa Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako umefika. Umeniambia kwamba katika makala ya gazeti ulimwandika Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kuwa mwanazuoni, na mwanawe, Profesa Ali Mazrui, kuwa msomi. Mhariri wako akalifuta "mwanazuoni" na kuweka "msomi" kotekote, kwa hoja kwamba hayo ni visawe tu na wasomaji watachanganyikiwa. Unauliza kama ana hoja. Visawe ni visawe, sikatai, ila hapo mimi nisingemkubalia.

Tuanze na msomi. Mzizi wake ni kusoma, na kwetu kusoma ni mambo mawili: kupitisha macho kwenye maandishi, na kukaa darasani. Ukisema hapa Tanga "fulani amesoma", hakuna atakayedhani unazungumzia gazeti la asubuhi. Wataelewa kwamba ana vyeti. Ndiyo maana kutoka shina hilohilo tuna msomaji na msomi, na si mtu mmoja. Msomaji ni anayeendelea kusoma. Msomi anaweza kuwa hajafunua kitabu tangu mahafali yake, na jina lisimtoke. Neno hilo linaangalia njia aliyopita mtu, wala haliulizi amebakiza nini kichwani. Kwa hiyo kejeli hulipenda sana. Kondakta akimwambia abiria mwenye tai aliyepitiliza kituo, "Shuka basi, msomi!", daladala nzima itacheka. Jaribu kumkejeli hivyo kwa "mwanazuoni" uone kama utachekewa.

Bara, kusoma kulikuja na harufu ya misheni. Buganda, miaka ya 1880, walioingia dini ya wamisionari waliitwa abasomi, kwa kuwa kuingia dini na kujifunza kusoma lilikuwa jambo moja. Waliouawa Namugongo mwaka 1886 kwa ajili ya dini hiyo walikuwa miongoni mwa hao. Wakikuyu nao wakawa na athomi wao, watu wa misheni, wa shule na wa nguo mpya. Huku pwani mambo yalikuwa mengine. Watu walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zamani sana. Utendi wa Tambuka, shairi refu la vita, uliandikwa kisiwani Pate mwaka 1728. Elimu ilikuwa na nyumba yake kabla ya shule ya serikali, na nyumba hiyo iliitwa chuo.

Chuo katika Kiswahili cha kale ni kitabu, kisha ni mahali pa kusomea Kurani. Watu wa Lamu, pale sisi tunaposema "vy", wao husema "z": vyombo kwao ni zombo, na vyuo ni zuo. Basi mwanazuoni ni mwana wa vyuoni, mtu aliyelelewa na vitabu. Wapo wanaosema mwanachuoni, na ni yuleyule. Ila angalia usiangushe ile "ni" ya mwisho, maana mwanachuo ni kijana wa mwaka wa kwanza anayesubiri mkopo wa bodi, na mwanachuoni ni mzee ambaye masheikh wenzake humwendea kuuliza.

Mwanazuoni hatambulishwi kwa cheti. Watu huuliza amesoma kwa nani, kitabu gani, na nani aliyempa ijaza, yaani idhini ya mwalimu, ya kukifundisha, na huyo mwalimu naye alikipata kwa nani. Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akasoma kwa masheikh wa Mombasa na wa Unguja. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947. Ukimwita msomi hujamtukana, lakini umeifuta silsila, yaani mnyororo, yote ya walimu wake kwa neno moja, kana kwamba elimu yake ilitoka kwenye ofisi ya mitihani.

Mwanawe alipita njia nyingine. Baba alitaka aende Al-Azhar, chuo cha Kiislamu cha Cairo. Yeye akaishia Manchester, kisha Columbia, kisha Oxford alikopata udaktari mwaka 1966. Akawa profesa Makerere, baadaye Marekani, na alipofariki mwaka 2014 alirudishwa kuzikwa Mombasa. Msomi linamkaa vizuri. Mwanazuoni je? Linamkaa pia, kwa sababu siku hizi vyuo vikuu vimelipanua neno hilo limfae yeyote anayetafiti na kuandika kwa kina, na mimi sina ugomvi nalo. Kwa hiyo mhariri wako angeweza kumpandisha mwana. Kumshusha baba ndiko nilikokataa.

Mengine nitayapitia haraka. Ulamaa kwa Kiarabu tayari ni wingi wa alimu, lakini Waswahili hatukuridhika, tukaongeza "ma" yetu tukapata maulamaa, na dini haikuharibika. Mtaalamu ndiye aliyenichekesha siku zote, kwa sababu kwa Waarabu mutaallim ni anayejifunza. Alipofika kwetu akapandishwa cheo! Huyu hukaa vizuri zaidi akiwa na fani: mtaalamu wa udongo, wa mifupa, wa kodi. Hospitalini wana daktari bingwa, na bingwa alipoonekana hatoshi wakamleta bingwa bobezi. Sasa hata mchambuzi wa mpira kwenye televisheni ni mbobezi, nami nimelichoka neno hilo. Mahakamani utasikia "wakili msomi" kutoka kwa mawakili wenyewe, hata kwa yule ambaye hoja zake zimetupwa nje asubuhi hiyo. Pale ni adabu ya kazi, usilitumie kupima elimu ya mtu.

Gwiji, nguli na mweledi usiyachanganye na hayo. Mtu anaweza kusema "mimi ni msomi", watu wakakunja uso lakini wakamwelewa. Hakuna mwenye akili zake atakayesema "mimi ni gwiji". Hilo hungoja kupewa na wengine. Mtazame Shaaban Robert wetu wa hapa Tanga. Alimaliza shule Dar es Salaam mwaka 1926, akaingia serikalini, akawa karani wa forodha. Chuo kikuu hakukiona. Kwa kipimo cha vyeti, ofisi nyingi za leo zingemwambia arudi na diploma. Gwiji ni jina lake na hakuna anayeuliza kwa nini. Mhariri wako akitaka kumbandika "msomi" naye, muulize wa shahada ipi.

Kesho mwambie hivi, kwa heshima, maana ni mkubwa wako: mwanazuoni libaki kwa baba. Kama anachelea kurudiarudia, mahali pengine aandike Sheikh, mahali pengine Kadhi Mkuu, na yote ni kweli. Na wewe ile "mwanazuoni msomi" uliyoweka kwenye aya ya tatu iondoe mwenyewe kabla hajaiona.

Baba yako anakusalimu na anauliza ile dawa yake ya macho umeituma kwa basi gani.

Mama yako